Chanzo cha Kuaminika cha Kanyangi

Kama ulisomea ualimu katika chuo chetu pale Kitui, miaka ya sabini au themanini, mzee huyu unamjua. Usiniambie humjui. Fungua karatasi yako ya utafiti, ile uliyoihangaikia mpaka ukapewa cheti, uende ukurasa wa mwisho penye vyanzo. Yuko hapo. Labda wewe ulimwandika ana miaka themanini. Mwenzako wa mwaka uliofuata alimwandika ana sitini na tano, na hakuna mwalimu aliyeshangaa kuona mtu akizidi kuwa kijana.

Mimi nilikuwa karani wa maktaba ya chuo hicho. Kazi yangu ilikuwa kupiga vitabu mihuri, kuwaamsha waliokuja kulala, na kupanga karatasi za wanafunzi kwenye rafu ya nyuma. Tena nilikuwa jirani wa mzee huyo kule nyumbani Kanyangi, boma letu na lake yakitenganishwa na shamba la mbaazi. Kwa hivyo uongo niliuona ukitoka kwake kwa miguu, na nikauona ukifika kazini kwangu umevaa jalada.

Nikimcheka, na nitamcheka sana, ujue kuna kitu kiliniuma. Chini ya maboma yetu kuna silanga, bwawa la maji ya mvua, ambalo mama yangu na wamama wenzake walilichimba kwa jembe na karai, kiangazi kile kibaya cha miaka ya kwanza ya uhuru. Mzee aliwaambia wanafunzi kwamba lilichimbwa na wanaume wa ukoo wake. Kwa miaka mingi huo ulikuwa uongo wa kuchekesha tu. Halafu ukafika wakati ukataka kutunyang'anya maji.

Lakini wacha nianze na wanafunzi, maana hao nao si malaika.

Mwalimu wao wa historia alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko mke wake. Kila jambo lazima liwe na chanzo cha kuaminika, na chanzo cha kuaminika ni vitu viwili tu: kitabu, au mzee aliyevuka miaka sitini. Haya, vitabu. Maktaba yetu ilikuwa na vitabu vya wafalme wa Uingereza, kitabu cha kufuga nyuki, na ensaiklopidia iliyoliwa na mchwa kuanzia herufi ya kwanza hadi ya katikati. Juu ya Wakamba, juu ya Kitui yenyewe, ukiniuliza nilikuwa nakuonyesha ukuta. Kwa hivyo mwanafunzi alibaki na mzee.

Na wazee walikuwa wengi, wooi, Kitui imejaa wazee! Kule Mutomo kulikuwa na mafundi wa chuma ambao mikono yao ilikuwa historia tosha. Ng'ambo ya mto, Kikima, kulikuwa na mabibi waliokumbuka njaa moja baada ya nyingine. Lakini kufika huko kulitaka miguu. Mzee wetu yeye alikuwa na sifa tatu ambazo mwalimu hakuziandika popote. Basi lilisimama mbele ya boma lake. Mbwa wake hakuuma. Na alijua Kiswahili, kwa sababu ujana wake alikuwa mpishi kwenye shamba la mkonge huko njia ya Mombasa. Basi, akawa ndiye Ukambani yote.

Alipoanza kazi hiyo hata sitini hakuwa ameikaribia. Nilimwona kwa macho yangu mawili akiruka ua kumkimbiza mbuzi, kisha basi liliposimama akaingia ndani na kutoka na fimbo, mgongo umepinda, anakohoa. Alikuwa na koti moja zito la utafiti. Jua la saa saba, nzi wenyewe wamekimbilia kivuli, yeye amelivaa, jasho linamtiririka, na mwanafunzi anaandika: "Mzee alionekana kulemewa na kumbukumbu."

Sasa kuna mila ambayo msipoielewa mtasema alikuwa mwovu tu. Kwetu huendi kwa mzee mikono mitupu. Unabeba sukari, au majani ya chai, au ugoro. Na mgeni aliyekuja na sukari harudishwi hivi hivi, ni aibu ya nyumba nzima. Ukija kwangu na pakiti ya sukari kuniuliza kitu, nami nikuambie "sijui", nimekula sukari yako bure. Mzee huyu hakuwahi kula sukari ya mtu bure. Kwa hivyo hakuwahi kusema "sijui".

Kwanza alikuwa akiuliza, taratibu, akikoroga chai, "Mwalimu wenu anapenda nini siku hizi?"

Mwanafunzi, mjinga wa Mungu, anasema, "Anapenda mambo ya biashara ya zamani, mzee."

"Aiya! Biashara? Babu yangu ndiye alikuwa mkubwa wa biashara. Andika."

Muhula mmoja walikuja wawili, siku tofauti. Wa kwanza aliambiwa ukoo wa mzee ulitoka upande wa kaskazini, ukifuata ndovu. Wa pili aliambiwa ulitoka kusini, ukikimbia ndovu. Wote wawili walipita. Mimi nilizipanga karatasi hizo bega kwa bega kwenye rafu nikingoja mtu azione, na hakuna aliyeziona, kwa sababu wanafunzi hawakusoma, walinakili.

Mwalimu alipoanza kunusa kitu, alikaza sheria: sasa ni wazee watatu. Nilifurahi. Nikasema leo uongo umekwisha. Kumbe nilisahau kwetu ni wapi. Mzee aliwaita majirani wake wawili, wote wadogo kwake kwa rika, wakaketi kwenye viti vya miguu mitatu. Yeye akasema. Wale wawili wakaitikia, "Ni w'o," ndiyo hivyo. Wangesema nini? Kijana wa rika la chini hampingi mkubwa wake mbele ya mgeni, tena wakiwa wanakunywa chai yake. Mwanafunzi akarudi chuoni na vyanzo vitatu vinavyokubaliana neno kwa neno, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Vizuri sana." Sukari waligawana, lakini mgawaji alikuwa nani? Wale wenzake walirudi nyumbani na kiasi cha kutia kwenye kikombe.

Na bado, mtu huyuhuyu, ukimwendea kununua mbuzi, alikuwa mkweli mpaka unamhurumia. Alikuwa anakuambia mwenyewe, "Hii usichukue, inakohoa. Na ile ikimkaribia mtoto itampiga pembe." Siku moja nilimuuliza kwa hasira, "Mzee, kwa mbuzi unasema ukweli, kwa watoto wa watu unadanganya. Kwa nini?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mbuzi mbaya atarudishwa kesho asubuhi, na aliyemnunua akiwa na matusi. Historia ulishaona ikirudishwa?"

Na alikuwa na huruma, lazima niseme hata kama sipendi. Msichana mmoja alifika analia kwa sababu asipomaliza karatasi yake wiki hiyo angerudishwa nyumbani kuolewa. Mzee alikaa naye mchana kutwa. Alimpa njaa mbili, vita moja na nabii. Alipokuwa anaondoka akamfungia na kuku. Msichana huyo alipita vizuri, akawa mwalimu, na sijui hao watoto aliowafundisha habari za yule nabii mpaka leo wanamwomba nini.

Mkewe ndiye aliyepika chai yote hiyo. Mwanamke mwembamba, mrefu, asiye na maneno mengi. Mzee akidanganya, yeye anamimina. Akizidisha, chai nayo inazidi kumwagika kwenye kisahani. Mara moja nilimuuliza, "Mama, wewe unasikia haya yote na unanyamaza?" Akafuta mikono kwenye leso. "Mwanangu, nikimrekebisha mbele ya wageni nitakuwa nimemvua nguo. Mimi naye tuna mahesabu yetu." Nikadhani ni maneno tu ya mke aliyechoka.

Basi, silanga. Sijui nani aliuliza kwanza. Mwanafunzi mmoja aliliona akishuka kwenye basi, akauliza, "Mzee, hili bwawa lilichimbwa na nani?" Na mzee, kikombe mkononi, akasema, "Na sisi. Wanaume wa ukoo wangu. Mimi ndiye niliyekuwa mbele." Ikaandikwa. Wa pili akainakili kutoka kwa wa kwanza, wa tatu kutoka kwa wa pili, na baada ya hapo hawakuhitaji hata kupanda basi. Kwenye rafu yangu wanaume hao walichimba silanga mara nyingi kuliko kuna maji ndani yake.

Niliporudi nyumbani na kumsomea mama, alicheka mpaka akashika kiuno. Yeye na wenzake walikuwa mwethya, kikundi cha kazi: leo kwako, kesho kwangu, na kazi ya wote ni ya wote. Walichimba kuanzia mvua ilipokata mpaka iliporudi. Mama mkono wake wa kushoto haukunyooka tena tangu karai la udongo limwangukie. "Wanaume!" akasema. "Wacha waandike. Maji yanajua."

Maji hayakujua kitu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mwenyekiti wa kamati ya ukoo wa mzee alikuwa mwalimu mkuu wa shule fulani, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi letu. Alisomea chuo chetu. Alikaa kwenye kiti kilekile cha miguu mitatu, akanywa chai ileile, akaandika karatasi ileile. Yeye na kamati yake walitaka kuzungusha silanga waya na kumpa mfanyabiashara wa mji mmoja wa njia ya Mombasa alime nyanya. Wamama wateke wapi? Mtoni, kule ambako ukienda na mtungi asubuhi unarudi jua likiwa utosini. Mama yangu na mkono ule! Walipolalamika kwamba bwawa ni la waliolichimba, mwenyekiti akasema neno ambalo wasomi wanalipenda: "Tufuate ushahidi."

Akaja maktabani. Akaomba karatasi zote zinazotaja silanga. Na mimi, karani, nilizitoa moja moja, nikazifuta vumbi na kumwekea mezani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyolipwa kufanya. Ya kwanza aliyoichagua ilikuwa yake mwenyewe.

Jumamosi kabla ya baraza la chifu la kuamua shauri hilo nilienda kwa mzee. Sikubeba sukari. Nilimwambia, "Kesho kutwa chifu atauliza nani alichimba. Ukisema ulivyozoea, mama yangu atakufa njiani na mtungi. Na mkeo pia, kwani yeye ana miguu ya chuma?"

Akachomoa kijiti kwenye paa, akachokonoa meno yasiyokuwepo. "Nikisema nilidanganya, wanafunzi wote hao watasema nini? Walimu wazima. Wengine wameoa."

"Watasema ulidanganya."

"Jina langu liko kwenye vitabu, mwanangu. Baba yangu hakuandikwa hata kwenye mlango."

Nilitaka kumtukana. Sikumtukana, kwa sababu lilikuwa neno la kweli, na kutoka kwake nilikuwa sijalizoea. Nikaondoka bila kujua atasema nini.

Baraza lilijaa. Wanaume upande mmoja kwenye mabenchi ya kanisa, wamama upande mwingine chini, miguu wameinyoosha. Mwenyekiti alisoma. Alisoma vizuri, na alikuwa na sauti. Kila akimaliza karatasi moja anasema, "Chanzo," na kutaja jina la mzee, na watu wanageuka kumtazama. Alipomaliza, chifu akasema, "Bahati nzuri chanzo chenyewe kiko hai. Mzee, simama."

Mzee akasimama. Koti lake la utafiti hakulivaa siku hiyo, na bila koti alionekana mdogo. Akasema, kwa sauti ambayo ilibidi watu wanyamazishane, "Silanga lilichimbwa na wamama. Mimi nilidanganya."

Nilishika mdomo. Mama yangu akasema tu "Ngai!", Mungu wangu.

Lakini mwenyekiti hata hakutikisika. Alitabasamu ile tabasamu ya kumhurumia mgonjwa. "Mheshimiwa chifu, tumheshimu mzee wetu, lakini umri umeenda. Kumbukumbu imechoka. Sisi tuna maneno yake aliyoyasema akili ikiwa timamu, yameandikwa, yamesahihishwa na walimu, yako maktabani. Tuamini yapi? Ya wakati ule, au haya ya leo aliyofundishwa na majirani?" Akanitupia jicho.

Watu wakanung'unika, na wengine, nawaambia ukweli, wakaitikia kwa kichwa. Chifu akajikuna. "Mzee, una la kuthibitisha?" Miaka yote hiyo mzee alikuwa na jibu kwa kila mtu, na siku aliyosema ukweli hakuwa na cha kuongeza.

Ndipo mkewe akaanza kuimba.

Hakusimama. Aliketi palepale chini, akapiga goti kwa kiganja. Ulikuwa wimbo wa mwethya, wa kuinulia jembe, na mama yangu na wazee wenzake wakaudaka kabla mstari wa kwanza haujaisha. Nikiutia kwa Kiswahili unapoteza utamu, lakini ulisema hivi:

Sisi tumeshuka silangani, jembe kwa jembe,
kuna mtu amebaki, yuko chini ya ghala,
amejifunika gunia, anasema ana homa.
Homa gani hii inayokula muthokoi?

Na baada ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyotwangwa, likaja jina. Jina la mzee, jina lake zima na la baba yake, linaitwa na wanawake wote pamoja, kisha kimya, jembe linashuka. Halafu tena. Vijana walianza kucheka mmoja mmoja, kisha baraza lote likapasuka. Mwenyekiti akainua karatasi zake juu akitaka utaratibu, nani amsikie!

Kwetu ukiimbwa na mwethya una njia moja ya kutoka. Unasimama, unajibu kwa kinywa chako kwamba ni wewe, na unatoa faini ya chakula kwa waliofanya kazi. Usipojibu, wimbo haujaisha. Mzee hakuwahi kujibu. Wimbo huo ulikuwa umemngoja tangu kiangazi kile, na mtunzi wake alikuwa analala naye nyumba moja, akimmiminia chai.

Alisimama pale katikati mikono ikining'inia. Wakwe zake walikuwepo. Wachungaji walikuwepo. Walimu aliowatengeneza yeye mwenyewe walikuwepo. Wanawake wakaita jina lake, wakanyamaza, wakangoja.

"Ni mimi," akasema. "Sikuwa na homa. Nilikuwa nimelala."

Aki ya Mungu, vigelegele vilivyopigwa hapo vilitisha mbuzi wakakata kamba. Mwenyekiti alikuwa bado anasema wimbo si chanzo. Chifu akamwuliza, "Mwalimu, wewe ushaona Mkamba gani akijisingizia uvivu mbele ya wakwe zake?" Waya haukufungwa. Nyanya zililimwa kwingine.

Mara ya mwisho niliyoongea naye vizuri ilikuwa muda kidogo baada ya hapo, silangani. Alikuwa amekuja na mtungi wa njano. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba anayelala wenzake wakichimba angalau ajifunze kuteka. Alikuwa ameingia maji mpaka vifundoni, suruali ameikunja, anasukuma majani kando, hajui hata mtungi unainamishwa vipi. Wamama walikuwa wanamwangalia wakifurahi.

Nikamuuliza kutoka juu, "Mzee, miaka yote ile, ungewaambia tu wale wanafunzi ukweli ungepungukiwa na nini?"

Aliuachia mtungi ukaelea. "Waliniuliza nani alichimba. Waliniuliza mwaka gani, mvua gani, ukoo gani. Mpaka rangi ya jembe waliniuliza." Akauvuta tena. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mzee, wewe siku hiyo ulikuwa wapi."

"Na wangekuuliza?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, maji yakiingia kwenye mtungi kwa kupiga kwikwi, mpaka ukajaa akashindwa kuuinua.

"Ningedanganya," akasema. "Lakini ningeona haya. Njoo unisaidie hapa, mwanangu, hiki kitu ni kizito namna hii kila siku?"